Mfuko Nilioshona kwa Ndani

Kuna kazi moja ambayo huwa simwulizi mteja sababu yake. Mtu anaingia katika chumba changu cha kushonea pale Birere, anatoa suruali, anageuza kiuno nje na kunionyesha kwa kidole: hapa kwa ndani, nishonee mfuko mdogo usioonekana. Simwulizi anaenda wapi. Ninapima, ninashona, ninamrudishia. Baada ya muda ninasikia kwa majirani kwamba yuko Kampala, au kwamba alifika mbali zaidi na sasa anatuma picha akiwa amevaa koti zito.

Hapa Goma safari haitangazwi. Mwenye kusafiri anaogopa jicho la jirani, anaogopa barabara, anaogopa kizuizi ambacho jana kilikuwa wazi na kesho kinaweza kufungwa. Kwa hiyo sote tumejifunza adabu moja. Ukiona kijana ameanza kugawa vitu vyake polepole, unafunga mdomo. Unampikia anachokipenda. Ukimpenda sana unamkumbatia muda mrefu kuliko kawaida, lakini humwulizi kitu, maana kuuliza ni kama kumzibia njia. Niliishi na adabu hiyo tangu utoto wangu na niliiona nzuri. Sasa ninaichukia, na sioni haya kusema hivyo.

Mdogo wangu ni kitinda mimba wetu, ana miaka ishirini na kidogo. Tunaishi watatu katika nyumba ya mbao huko Mapendo: mama, yeye na mimi. Baba alifariki yeye akiwa bado anatambaa. Mama humwita "papa" kwa sababu alipewa jina la babu yetu, baba yake mama, na ukimsikia mwanamke wa umri wake akimwomba kijana ruhusa ya kufagia chini ya kiti chake, "Papa, nyanyua miguu," unaweza kudhani anasema na mzee wa ukoo. Sisi ni watu wa upande wa Bukavu, watu wa misa ya asubuhi, na majirani hututania kwamba tukisalimiana ni kama tunagombana. Yeye peke yake alikuwa mtulivu. Lakini alikuwa na mzaha wake. Alijua kumwiga padri wetu anavyokohoa kabla ya kusema jambo zito, na alifanya hivyo palepale kanisani, chini chini, mpaka mama ananifinya mimi ninayecheka badala ya kumfinya yeye.

Vita vilipoingia mjini tulilala sakafuni kwa jirani mwenye nyumba ya matofali, kwa kuwa ubao hauzuii kitu. Milio ilipotulia, vijana wa mtaa waliitwa wakasaidie kuzika. Mdogo wangu alikuwa mmoja wao, na mimi ndiye niliyemfunga kitambaa puani, kipande kilichobaki cha gauni la mteja. Alirudi jioni, akaoga kwa muda mrefu, akala chakula chote. Mama alimwuliza kulikuwaje. Alijibu kwamba kazi imeisha. Kesho yake watu walimpa mkono njiani, wakamwambia yeye ni mwanaume kweli, na mimi nilijivuna pamoja nao.

Baada ya hapo alianza kupungua. Siyo mwili, ni yeye mwenyewe. Masomo yalifunguliwa tena chuoni, hakwenda. Mchana alilala, usiku nilisikia kitanda chake kikilia. Zamani mlango ukijibamiza kwa upepo alikuwa anaruka na kujicheka. Sasa hata hageuzi kichwa, na hilo ndilo lililonitia wasiwasi zaidi. Padri alikohoa Jumapili nyingi na hakuna aliyemwiga. Tulisema ni uchovu. Nani hakuwa amechoka? Katika mji ambao kila nyumba imepoteza mtu au mali, kijana anayekaa kimya haonekani. Anaonekana tu kuwa na heshima.

Kisha akaanza kugawa. Koti lake la baridi alimpa binamu yetu. Begi la mgongoni alilokwenda nalo chuoni alimpa binti wa jirani. Viatu vyake vyeupe, ambavyo alikuwa akivifuta kila asubuhi kwa kitambaa chenye maji kama mtu anayemwosha mtoto uso, alivipeleka kwa rafiki yake wa zamani na kurudi na kandambili. Siku moja alimwomba mama msamaha kwa ukaidi wake wote wa utotoni. Mama alinifuata jikoni huku macho yakimng'aa.

"Papa anaenda," aliniambia kwa sauti ya chini.

Tulifurahi. Ninalisema wazi kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Tulifurahi kwamba mmoja wetu atatoka, atapumua, atapata maisha mahali ambapo mtu hahitaji kulala amevaa nguo za kukimbilia. Mama alinunua sambaza wabichi, wale samaki wadogo wa ziwani, akawakaanga mpaka wakawa wakavu jinsi mdogo wangu anavyowapenda, akapika bugali mwingi. Alipokuwa anakula, mama alimtazama kama mtu anayetazama picha. Mimi nilichukua suruali yake kwenye kamba, nikaenda nayo kazini, nikamshonea mfuko wa ndani. Niliushona vizuri kuliko yote niliyowahi kushona, mara mbili, kwa uzi wa rangi ileile ya kitambaa. Sikumwambia kitu. Nilimrudishia suruali na kumwonyesha tu kwa kidole.

Aliingiza kidole mle ndani. Aliugeuza, akaugeuza tena, kisha akanitazama kama mtu aliyepewa jibu.

"Asante, yaya," alisema, kama anavyoniita siku zote mimi mkubwa wake.

Nilidhani ananiaga. Nilitoka nje haraka ili asione machozi yangu.

Asubuhi iliyofuata nilikuwa kwenye mashine, nina mteja wa gauni, mama mmoja muuza vitenge anayeongea bila kuvuta pumzi. Nikakumbuka kitu: sikumwambia mdogo wangu asiweke pesa zake zote mahali pamoja. Ni kosa ambalo wasafiri wengi hufanya. Nikampigia. Simu iliita kidogo tu, ikapokelewa, na sauti iliyonijibu ilikuwa ya mama.

"Iko hapa kwangu," alisema. "Amenipatia asubui. Anasema yangu imeshazeeka."

Nilimwuliza mwenyewe yuko wapi. Mama alicheka kidogo, kile kicheko cha mtu anayetunza siri, akaniambia: si unajua. Nilikata simu. Muuza vitenge alikuwa akiniuliza kuhusu mikono ya gauni, mifupi au ya kati, na mimi nilimtazama bila kumsikia. Msafiri anaweza kuacha koti. Viatu atapata vingine njiani. Hata begi, wapo wanaoliacha ili wasionekane kuwa wasafiri. Lakini nimeshonea watu wengi mifuko ile, na simjui hata mmoja aliyeacha simu. Simu ndiyo njia yenyewe. Ndani yake kuna namba ya yule anayekungojea ng'ambo, na bila namba hiyo hakuna anayekungojea.

Nilimwacha yule mama na mkono mmoja ndani ya gauni. Aliniita kwa hasira, sikugeuka.

Kwenye kituo cha pikipiki karibu na mtaa wetu wananijua wote, maana suruali zao zinachanika palepale siku zote na mimi ndiye ninayezishona. Niliwauliza nani amembeba mdogo wangu. Walitazamana. Walidhani ninavunja ile adabu yetu, kwamba ninataka kuvujisha safari ya mtu, na mmoja alianza kunidanganya kwa upole. Nilimshika kola. Sijivunii, lakini nilimshika kola na kumwambia kwamba mdogo wangu haendi Kampala wala popote. Ndipo mwingine, motari mmoja aliyekuwa amekaa pembeni anafuta kioo, akasema kwamba yeye ndiye aliyembeba, alimpeleka Lac Vert, lile ziwa dogo nje ya mji. Alikuwa amemwuliza anaenda kumwona nani kule, naye alicheka tu.

Nilipanda nyuma yake bila kuuliza bei.

Barabara ya Sake nimeipita mara nyingi na sikuwahi kuiona ndefu vile. Tulipita mahali palipokuwa na vibanda vya wakimbizi, sasa pamebaki mawe meusi na vipande vya maturubai. Nilimpigia kelele motari aongeze mwendo. Alinijibu kwamba mashimo hayakuchimbwa na yeye. Nilianza Salamu Maria, nikafika katikati nikasahau inaendeleaje, nikaanza tena, na kati ya sala na sala nilikuwa nikipanga matusi ambayo ningemtukana nikimkuta. Nilitaka sana kumtukana. Niliahidi mbinguni kwamba nikipewa nafasi ya kumtukana sitaomba kitu kingine mwaka mzima.

Tulipofika nilimwomba motari anisubiri, nikashuka kwenye njia ya miguu. Nilimkuta mama mmoja analima maharage. Nilimweleza kijana wangu alivyo. Akasema ndiyo, amepita mmoja wa kandambili, amemsalimia kwa heshima sana, amemtakia kazi njema. Heshima hiyo ilinitisha kuliko kama angeniambia amemwona akilia. Nilivua viatu vyangu ili nikimbie.

Alikuwa amekaa kwenye majani ya ukingo, ziwa likiwa chini yake, amekumbatia magoti. Ameketi tu. Nilisimama nyuma yake nikihema, mkono wangu umeshanyanyuka kumpiga, na nadhani ningempiga. Lakini aligeuka, akaniona, na hakushangaa. Alisogea kidogo upande mmoja kunipa nafasi, kama anavyofanya nyumbani kwenye kile kibenchi chetu kifupi. Nikashusha mkono nikakaa.

Kwetu neno lile halitamkwi mbele ya mtu aliye hai. Tunasema mambo mabaya, tunasema kile kitu, tunasema Mungu apishe mbali. Nilitafuta maneno mengine yote nikayakosa. Nilikuwa nimechoka na maneno ya pembeni.

"Ulikuja kufa?" nilimwuliza.

Kulikuwa na mbuzi anayelia mahali fulani juu yetu. Nilijikaza nisiongeze neno, na mtu anayenijua anajua hiyo ilikuwa kazi kubwa kiasi gani.

"Ndiyo," alisema. "Asubui nilikuwa na hakika. Nilipofika hapa nikakaa. Sasa sijue."

Nilimshika mkono wa shati, si mkono wake, maana niliogopa kwamba nikimshika yeye ataniponyoka. Nilimwuliza kwa nini hakutuambia. Hapo ndipo aliponitazama kwa mara ya kwanza sawasawa, na usoni hapakuwa na hasira, palikuwa na mshangao tu.

"Lakini mulijua," alisema. "Mama alinipikia sambaza. Alikuwa anafurahi. Weye ulinirudishia suruali, unanionyesha kwa kidole. Nikasema basi, bote banajua, na banakubali. Hakuna mutu mwenye aliniambia bakia."

Sijawahi kupigwa na maneno kama yale. Alikuwa amegawa vitu vyake mbele yetu, kimoja kimoja, mchana kweupe, akingoja mmoja wetu aulize. Na sisi tulimjibu kwa samaki na mfuko. Nililia kwa sauti, nikamwambia mfuko ulikuwa wa pesa za njiani, kwamba tulidhani anaenda Kampala, kwamba mama ameshaanza kumwombea rozari ya wasafiri.

Alinyoosha mguu mmoja, akautazama.

"Kampala?" alisema. "Na hizi kandambili?"

Akacheka. Kilikuwa kicheko kidogo, kibovu, lakini kilikuwa chake, na kilipokatika kikageuka kuwa kilio. Alilia kama mtu anayetapika, ameinama, mimi nimemshika mgongo. Ndipo akaniambia kuhusu siku ya mazishi. Wengine walibeba watu wazima wawili wawili. Yeye alipewa mtoto, ambebe peke yake, kwa kuwa hakuwa mzito. Alisema tangu siku hiyo mikono yake haijaweka chini kile alichokibeba. Watu walimwita mwanaume, na mwanaume hawezi kurudi kusema hivyo. Kwa hiyo alinyamaza.

"Bakia," nilimwambia. Nililisema tena na tena, mpaka likawa halina maana tena, kisha nikalisema zaidi. Tulipopanda juu, motari alikuwa bado anatungoja. Alitupakia wote wawili, akaendesha taratibu, na hakuuliza kitu. Hapo tena nilitamani mtu aulize.

Nyumbani nilimwambia mama yote, na kwa neno lenyewe, siyo mambo mabaya. Kwanza alitaka kujua nani amemfanyia hivyo mtoto wake. Alitaja watu aliowashuku. Kisha alikaa chini akajifunika uso kwa kitenge. Kabla ya jua kuzama, mama msimamizi wa shirika letu la parokia alikuwa ameshafika, sijui nani alimwambia. Ni mwanamke mwema. Alishauri tuseme kijana ana malaria, kusudi jina la nyumba lisiharibike, kisha tumpeleke kwa kikundi kinachofunga na kuomba, akae huko mpaka atulie. Nilimjibu vibaya. Nilimwambia kwamba nyumba ina jina zuri tayari, imekosa kitu kingine, na kwamba mdogo wangu haendi mahali ambako atanyimwa chakula na usingizi, kwa maana amekosa vyote viwili tangu zamani. Mama alinikemea kwa adabu mbaya. Yule mama hakuondoka. Aliniomba nimweleze tena polepole, na mwisho ndiye aliyetuambia kwamba kwenye kituo cha afya kuna binti mmoja anayesikiliza vijana, kwamba mtoto wa dada yake alikwenda huko, lakini walikuwa wamesema ana malaria.

Tulikwenda asubuhi, wote watatu. Huyo mwanasaikolojia alikuwa mdogo kuliko mimi, na mama alimtazama kwa mashaka makubwa. Alikaa na mdogo wangu peke yake kwanza, sisi tukiwa nje kwenye ubao. Halafu alituita. Alisema mambo machache na aliyasema bila kuzunguka. Tumwulize kila siku, kwa maneno ya wazi, kwa sababu kuuliza hakumwingizii mtu wazo ambalo hana. Kunamwonyesha kwamba anaweza kulisema. Siku mbaya tusimwache peke yake. Vitu vya hatari nyumbani viwekwe mbali naye. Mama aliuliza, kwa sauti ya mtu anayetafuta ugomvi, kama basi maombi yamekatazwa.

"Ombeni, mama," alimjibu. "Na siku ya juudi mumulete."

Tulimpeleka, Alhamisi hiyo na zilizofuata. Sisemi alipona. Zipo siku alirudi amechoka kuliko alivyokwenda, na siku alizogoma kabisa nikamvuta kama mbuzi. Huko alikutana na vijana wengine, na jambo lililomshangaza ni kwamba wawili aliwajua, walizika pamoja, na kila mmoja alikuwa amemficha mwenzake. Mama alijifunza kuuliza. Ilimchukua muda. Alianza kwa kuuliza kama amelala vizuri, kama amekula vizuri, akizunguka lile neno kama mtu anayezunguka dimbwi. Asubuhi moja alisimama mbele yake na sufuria mkononi akamwuliza moja kwa moja: "Papa, leo unawaza kufa?" Mdogo wangu akamwambia leo hapana, mama, leo ninawaza chai. Tulicheka wote, na mama akabandika ileile sufuria motoni.

Na bado niliishi kwa hofu. Mama alikuwa amemrudishia simu yake, na kila nilipokuwa kazini nilisikiliza yangu. Akichelewa kujibu, ninapiga tena na tena. Nilimwuliza asubuhi, nikamwuliza jioni, na alijibu kwa uaminifu, lakini nilijua ni mimi ninayeuliza. Mwanasaikolojia aliponiona ninakonda aliniambia siwezi kuwa mlinzi wa mtu saa zote. Nilimwambia ninaweza. Aliniambia hapana, na alikuwa na haki. Nani atamwuliza siku nikisahau? Nani atamwuliza siku mbaya ikija, mama akiwa kanisani na mimi nikiwa Birere?

Ilikuja siku ya soko kubwa. Chumba changu kilijaa. Bibi arusi alikuwa amesimama juu ya kiti, amevaa gauni ambalo bado lina pini, mama yake na shangazi zake wanazunguka wakinielekeza kila mmoja lake. Mimi nilikuwa nimepiga magoti kwenye pindo, pini mdomoni. Asubuhi hiyo nilitoka nyumbani mbio na sikumwuliza. Nikaona chumba kimenyamaza, nikanyanyua uso.

Alikuwa amesimama mlangoni. Alikuwa ametembea kwa miguu kutoka Mapendo, katikati ya wachuuzi na pikipiki zote zile, jasho linamtiririka. Wanawake wale walimtazama. Alinitazama mimi.

"Yaya," alisema, "leo iko mubaya."

Nilitoa pini mdomoni. Nilimwomba bibi arusi ashuke kwenye kiti, nikawaambia wote warudi kesho. Mama yake alianza kusema kwamba harusi ni Jumamosi, kwamba hii ni dharau, na alikuwa na haki ya kukasirika. Nilifunika mashine, nikachukua kile kiti nikakisogeza karibu na changu. Walipokuwa wanatoka mlangoni mdogo wangu alikuwa ameshakaa, ameshika kichwa kwa mikono yote miwili, na mimi nilikuwa nimemshika bega, nimejaa furaha. Hakuna aliyemwuliza. Alikuja mwenyewe.